Injini Hufa Siku Inapohitajika

Msikilizaji, chombo kinapozimikiwa injini katikati ya maji, neno la kwanza linalotutoka ni bahati mbaya. Tunasema injini imegoma, tunamshukuru Mungu kama watu wamefika salama, na kesho yake fundi anaitwa. Leo nataka kulipinga neno hilo. Ninachosema ni kwamba injini ya dizeli ya majini, mara nyingi kuliko tunavyokubali, haizimiki siku yoyote tu. Inazimika siku ya upepo, siku ya mzigo mzito, siku ambayo nahodha anaihitaji kuliko siku zote, na zipo sababu za kimaumbile zinazoifanya iwe hivyo. Sababu hizo zimo katika mifumo miwili: ule unaopeleka mafuta kwenye injini, na ule unaovuta maji ya ziwa au ya bahari kuja kuipoza. Tukizifahamu, tutaona kwamba kauli tunayoitegemea kila siku, kwamba injini ni nzima kwa sababu jana imekwenda na kurudi, haithibitishi chochote.

Huenda aliyeko Kilema, Marangu au Himo anajiuliza habari za boti zinamhusu nini mtu anayeishi mteremkoni mwa Kilimanjaro, kati ya migomba na mibuni. Zinamhusu. Maji yanayoshuka kutoka huku kwetu yanaingia Mto Ruvu, yanapumzika bwawani Nyumba ya Mungu, yanafuata Mto Pangani na kuishia Bahari ya Hindi, na wako watu wanaosafiri na kuvua juu ya maji hayo karibu njia nzima. Vitunguu, viazi na ndizi za bara huvuka kwenda Unguja kwa boti. Vijana wetu wanasoma na kufanya kazi Zanzibar, Mwanza na Bukoba, na wengi wao hawana namna ya kufika bila kupanda chombo. Tena injini yenyewe si ngeni hapa. Ni ndugu wa ile inayozungusha mashine ya kusaga, ile ya jenereta la hospitali, na ile inayosukuma maji kwenye mashamba ya tambarare ya Kahe. Tofauti ni kwamba mashine ya kusaga ikizimika, mwenye mahindi anakaa kivulini akisubiri. Boti ikizimikiwa kwenye mkondo wa Nungwi, hakuna kivuli wala kusubiri; chombo kinaacha kuyakabili mawimbi kwa omo na kuanza kuyapa ubavu.

Tuanze na mafuta. Ndani ya tangi la boti hakuna dizeli peke yake. Kuna maji, na karibu kila mara maji hayo yapo. Yanaingia kwa unyevu wa hewa, maana tangi lililojaa nusu hupumua: mchana hewa yenye unyevu inaingia, usiku chuma kinapoa, unyevu unakuwa matone na matone yanatelemka ukutani. Yanaingia kwa mfuniko wa kujazia ulio sitahani pale penye kuoshwa na mvua na mawimbi, ukiwa mpira wake umekauka. Yanaingia pia pamoja na mafuta yenyewe, kwa sababu boti nyingi ndogo hazijazwi kwenye kituo cha mafuta bali mwaloni, kutoka kwenye madumu na mapipa ambayo hakuna anayejua yalilala wapi. Maji ni mazito kuliko dizeli, kwa hiyo yanakaa chini. Na pale mafuta na maji yanapokutana, wanaota viumbe wadogo wa jamii ya kuvu na bakteria, ambao makazi yao ni majini na chakula chao ni mafuta. Wanapoongezeka na kufa wanaacha utando mweusi unaoteleza. Ukifungua koki ya chini ya kitenganisha maji kilicho kwenye njia ya mafuta ukakinga kwenye chupa nyeupe, ukaiacha itulie, mambo yote unayaona kwa macho: juu dizeli angavu, chini maji, na katikati ule utando, na chini kabisa chembe za kutu.

Sasa tazama linalotokea siku ya shwari. Mdomo wa bomba linalonyonya mafuta kwa kawaida hauligusi sakafu ya tangi; umeachiwa nafasi kidogo makusudi, ili uchafu ubaki chini. Maadamu boti haiyumbi sana, injini inakula mafuta safi ya juu, na inaweza kwenda hivyo wiki hata miezi huku chini ya tangi uchafu ukinenepa. Nahodha hana malalamiko. Fundi hana malalamiko. Kisha kusi inavuma, chombo kinapanda na kushuka, tangi linatikisika, na kila kilicholala chini kinapanda na kuchanganyika na mafuta. Filta iliyokuwa inatosha kwa miezi miwili inaziba kwa nusu saa. Injini inaanza kupanda na kushuka mlio, inapoteza nguvu, inazima. Fundi anabadilisha filta kama anayo ya akiba, anatoa hewa kwenye njia ya mafuta huku chombo kinamrusha huku na huku, injini inawaka, na filta mpya nayo inaziba, kwa kuwa tangi ni lile lile na bahari ni ile ile. Kwa hiyo dhoruba haikuleta uchafu. Uchafu ulikuwamo tangu zamani. Dhoruba imeutikisa tu.

Kisa kinachojulikana sana kuhusu jambo hili ni cha meli ya mafuta Braer. Mapema Januari 1993 ilikuwa inatoka Norway kwenda Kanada ikiwa na shehena ya takribani tani 84,700 za mafuta ghafi. Sitahani palikuwa na mabomba ya chuma ya akiba. Katika bahari iliyochafuka mabomba hayo yalikatika kamba, yakabiringika, yakavunja njia za kupumulia za matangi ya dizeli, na maji ya chumvi yakaingia kwenye mafuta ya meli. Injini kuu ikazima, umeme ukazima, na tarehe 5 Januari meli ikatupwa kwenye miamba ya visiwa vya Shetland, kaskazini ya Uskoti. Mabaharia waliokolewa, shehena yote ilimwagika. Meli ilikuwa na makumi ya maelfu ya tani za mafuta tumboni na ikapotea kwa kukosa dizeli safi ya kuendeshea injini yake. Ninaitaja kwa sababu inafuta dhana kwamba haya ni matatizo ya vyombo vidogo vya maskini. Kanuni ni moja kwa boti ya mbao ya Pangani na kwa meli ya mafuta: mlango mdogo wa maji kwenye tangi haudhuru kitu siku ya utulivu.

Mfumo wa pili una tabia hiyo hiyo, ingawa unajificha kwa njia nyingine. Injini ya dizeli inageuza sehemu inayozidi kidogo theluthi moja ya nguvu ya mafuta kuwa kazi ya kuzungusha rafadha. Nyingine kubwa inatoka na moshi, na iliyobaki lazima iondolewe na maji, la sivyo chuma kinapinda. Gari lina rejeta na upepo. Boti ina bahari yenyewe. Maji ghafi yanaingia kwa valvu iliyo chini ya chombo, yanapita kwenye chujio, yanavutwa na pampu, yanapita katika kipozeo, yaani sanduku lenye vijibomba vingi vyembamba ambamo yanachukua joto la maji safi yanayozunguka ndani ya injini, kisha mara nyingi yanamwagwa kwenye bomba la moshi na kutoka nalo nyuma. Injini nyingine za zamani hazina mzunguko wa maji safi. Bahari inapita moja kwa moja ndani yake, na hizo huachwa zikimbie kwenye nyuzi joto 60 hivi, maana maji ya chumvi yakipata moto zaidi ya hapo huacha magamba ndani ya njia zake.

Moyo wa mfumo huu ni kitu kinachoenea kiganjani: impela, gurudumu la mpira lenye mapanga yanayopindika. Mpira huo unalainishwa na maji yale yale unayoyasukuma. Ukizunguka mkavu, tuseme valvu imesahauliwa kufunguliwa au mfuko wa plastiki umenaswa kwenye mdomo wa kunyonyea, unaweza kuharibika kwa dakika chache tu. Impela haifi yote kwa pamoja. Panga moja linapata ufa kwenye shina, baadaye linakatika, na kipande kinasafiri na maji hadi kwenye mlango wa kipozeo na kukaa hapo. Fundi anayeijua kazi yake, akifungua pampu na kukuta mapanga yamepungua, haishii kuweka impela mpya. Anahesabu yaliyokatika na kuvitafuta vipande kimoja kimoja hadi vitimie. Ambaye havitafuti anafunga pampu nzima juu ya njia iliyoziba. Injini itawaka, maji yatatoka nyuma, mwenye chombo atalipa na kushukuru.

Atashukuru kwa sababu injini ikiwa gatini, au ikitembea taratibu, inatoa joto dogo, na mfumo uliobakiwa na nusu ya uwezo wake unatosha kuliondoa. Panga moja likikatika, vijibomba kadhaa vikiziba magamba, mpira wa bomba ukibonyea kwa uzee, geji haisogei. Upungufu unajitokeza siku ambayo nahodha anasukuma gesi hadi mwisho kwa kuwa upepo uko mbele yake, mkondo unamrudisha na abiria ni wengi. Hapo joto linazidi maji yaliyopo, na ndipo injini inapochemsha. Gasketi inaungua, sailenda hedi inapinda. Na kama maji ghafi yamekatika kabisa, lile bomba la mpira la moshi, ambalo lilikuwa linapozwa na maji hayo, linaanza kuungua ndani ya chombo cha mbao au cha fiba. Hata geji inaweza kumdanganya mtu, kwa kuwa kipimo cha joto kinapima maji yanayokigusa. Maji yakivuja yakaisha, kinabaki hewani na kinaweza kuonyesha nafuu. Ndiyo maana mabaharia wazoefu, kila wanapowasha, wanachungulia nyuma kuona maji yanatoka kwa wingi ule ule wa siku zote.

Kwenye maziwa yetu mambo yana sura yake. Ziwa Victoria lilivamiwa na magugu maji tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, na wenye vyombo wa Kisumu, Mwanza na Port Bell wanajua mizizi yake inavyofungasha chujio. Chujio lililosafishwa asubuhi linaweza kuziba kabla ya jua kutua, hivyo ratiba ya kitabu kilichoandikwa Ulaya haitoshi. Mtoni Pangani adui ni tope, hasa baada ya masika, linalokwangua mpira wa impela na kutulia ndani ya vijibomba. Na kuna kosa la kimyakimya juu ya kutu. Injini za baharini huwekwa vipande vya zinki ambavyo vinaliwa na kutu badala ya kipozeo, na hubadilishwa vikifika nusu. Katika maji baridi zinki haifanyi kazi hiyo vizuri. Ziwani inafaa magnesi. Anayenunua injini ya baharini na kuipeleka ziwani, anaweza kufungua baada ya miaka miwili akakuta zinki ingali nzima na kufurahi, kumbe kilicholiwa ni kipozeo.

Kutokana na haya, ndugu msikilizaji, naona hitimisho moja haliepukiki. Mifumo hii miwili inaficha ubovu wake wakati wa raha na kuutoa wakati wa shida. Kwa hiyo haiwezi kutunzwa kwa kusubiri dalili. Inatunzwa kwa saa za kazi zilizoandikwa: maji ya kitenganisha yamwagwe kila siku kabla ya kuwasha, filta zibadilishwe kwa saa alizotaja mtengenezaji, ambazo kwa injini nyingi ni kati ya 250 na 500, impela ifunguliwe na kutazamwa mashina ya mapanga yake hata kama inasukuma vizuri, tangi lifunguliwe na kuoshwa hadi sakafu. Watu wa Kilimanjaro hawahitaji kufundishwa fikra hii kutoka mbali. Mfongo, ule mfereji wa wazee wetu, haukusafishwa baada ya maji kukatika shambani. Watumiaji waliitwa siku iliyopangwa, maji yakiwa bado yanapita, na asiyetokea alitozwa. Waliofanya hivyo walijua kwamba mfereji ulioziba nusu unatosha mwezi wa mvua na hautoshi mwezi wa kiangazi. Kipozeo cha boti kinataka nidhamu ile ile, na faini ile ile kwa asiyetokea.

Pingamizi la kwanza ni zito na sitalikwepa. Mtu atasema: maafa yetu makubwa hayakuletwa na filta wala impela. MV Bukoba, tarehe 21 Mei 1996, ilipinduka karibu na Mwanza ikiwa imezidisha watu na haina uthabiti. Kivuko cha Mtongwe, Mombasa, tarehe 29 Aprili 1994, kiliua watu 272 kwa kujaza kupita kiasi. MV Nyerere, tarehe 20 Septemba 2018, ilipinduka ikikaribia Ukara, na zaidi ya watu 200 wakafa, wakati injini zake zilikuwa zimetoka kushughulikiwa miezi michache tu kabla. Yote ni kweli, na asiyeweka kuzidisha abiria mbele ya kila kitu katika usalama wa majini hatendi haki kwa marehemu hao. Sidai kwamba impela ingewaokoa. Ninachodai ni kwamba chombo kilichozidishwa mzigo na chombo chenye injini isiyotunzwa mara nyingi ni chombo kile kile, kinachoendeshwa kwa hesabu ile ile ya kubana gharama, na kwamba makosa hayo mawili yanalishana. Mzigo ukizidi, injini inasukumwa hadi mwisho, joto linapanda, na ule upungufu uliojificha unafichuka. Injini ikizima, chombo kilichokuwa na nafasi ndogo ya kuyumba kinageuzwa ubavu kwa mawimbi. Na vile vizimiko visivyoua mtu, vivuko vinavyoelea bila nguvu mkondoni huku abiria wakipiga simu nyumbani, tusivihesabu kama matukio madogo. Kila kimoja ni ajali iliyokosa wimbi tu.

Pingamizi la pili linatoka kwa mafundi, na lina heshima yake. Wanasema fundi mzoefu anaisikia injini, hahitaji daftari. Ni kweli sikio la fundi ni chombo cha thamani. Linasikia nozeli inayogonga, beringi inayolia, mkanda uliolegea. Lakini sikio linasikia kilichoanza kuharibika, na hoja yangu yote ni kwamba maji yaliyolala chini ya tangi hayana sauti, wala panga la impela lenye ufa halina sauti. Tena injini zenyewe zimebadilika. Ile ya zamani yenye pampu ya kimakanika ilivumilia mafuta machafu kwa kiasi. Hizi mpya zinazopulizia mafuta kwa shinikizo la zaidi ya baa 1,600 zina nafasi za mikroni mbili au tatu kati ya chuma na chuma, wakati unywele wa mtu una mikroni kama 70, na tone la maji likifika kwenye ncha ya nozeli yenye moto linageuka mvuke ghafla na linaweza kuipasua ncha hiyo. Fundi aliyezoea miaka 30 kwenye injini za kwanza bado anahitajika kwenye hizi, ila anahitajika akiwa na daftari.

Kuna wanaosema vyombo vyetu vimezeeka mno, matunzo hayawezi kuviokoa, vinunuliwe vipya. Historia ya maziwa yetu inasema kinyume. Meli ya Liemba iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaletwa Kigoma vipande vipande. Wajerumani walipoizamisha wenyewe mwaka 1916 ili isichukuliwe na maadui, mafundi walioiunda waliipaka mitambo yake grisi nzito kabla haijaenda chini. Waingereza waliiinua mwaka 1924, wakakuta mitambo hiyo ya mvuke inafaa kutengenezwa na kutumika, na mwaka 1927 ikarudi kazini Ziwa Tanganyika. Dizeli ilifungwa baadaye, katika miaka ya 1970. Miaka mingi chini ya maji, na kilichoiokoa ni kazi ya siku chache ya watu waliojali. MV Victoria nayo, iliyoanza kazi miaka ya mwanzo ya 1960, ilirudi Ziwa Victoria mwaka 2020 ikiwa na injini mpya ndani ya bodi lile lile. Fedha za injini hizo zimetoka kwa wananchi. Umri wa injini hizo mpya utaamuliwa na usafi wa matangi na machujio, kama ilivyokuwa kwa zile zilizotolewa, na kununua chombo kipya bila kubadili matunzo ni kununua tatizo lile lile kwa bei kubwa zaidi.

Pingamizi ninaloliona gumu kuliko yote ni la wale wasemao: kilicho kizima usikiguse. Wana ushahidi. Injini nyingi huzimika mara tu baada ya kufunguliwa, kwa sababu filta imefungwa na mpira wa zamani umebaki, njia ya mafuta imechukua hewa, klipu ya bomba haikukazwa, valvu ya maji haikurudishwa. Hata kupiga stata kuna hatari yake: injini ikikataa kuwaka huku valvu ya chini iko wazi, pampu inaendelea kujaza maji kwenye bomba la moshi pasipo moshi wa kuyasukuma nje, na maji hayo yanaweza kurudi mpaka ndani ya silinda. Basi nakiri kwamba kufungua kuna madhara yake. Lakini angalia madhara hayo yanajitokeza lini. Kosa la fundi, tukimtaka afanye majaribio kwa nguvu zote saa moja mbele ya gati kabla ya kupakia abiria, linajitokeza pale pale, fundi akiwapo, maji yakiwa tulivu. Ubovu ulioachwa bila kuguswa unajitokeza mkondoni usiku. Kati ya hatari ninayoweza kuipangia saa na ile inayopangiwa saa na upepo, nachagua ya kwanza, na jibu kwa mafundi wabovu ni kuwafundisha na kudai jaribio, si kuacha mitambo imefungwa.

Linabaki suala la fedha, na hapa sitaki kuwalaumu mabaharia. Boti nyingi za mizigo na za uvuvi zinaendeshwa kwa hesabu: tajiri yuko nchi kavu, nahodha anatakiwa kuleta kiasi fulani kila safari, na siku ambayo chombo kimesimama kuoshwa tangi ni siku ambayo hesabu haijatimia. Nahodha huyo anajua maji yamo kwenye kitenganisha. Hana mamlaka ya kusimama. Kwa hiyo mazungumzo haya yanawahusu zaidi matajiri, na baadhi yao wako hapa mlimani wakisikiliza. Siku za matunzo ziandikwe ndani ya makubaliano tangu mwanzo na zitolewe kwenye hesabu, kama vile gharama ya mafuta inavyotolewa. Impela, filta mbili za akiba na klipu kadhaa ni fedha ndogo sana mbele ya sailenda hedi moja. Na tusikubali kwamba ubora wa mafuta hauko mikononi mwetu. Nchi hii iliwahi kusumbuliwa vibaya na dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa, ambayo hayalainishi pampu kama dizeli inavyofanya. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji, ilianza kuweka vinasaba, yaani alama za kuyatambulia, kwenye mafuta mwaka 2010, na mwaka 2011 kodi ya mafuta ya taa ikapandishwa ili faida ya kuchanganya iondoke. Hatua hizo zilionyesha kwamba uchafu wa mafuta ni jambo linaloweza kupimwa na kuzuiwa. Kinachobaki wazi ni safari ya mwisho, kutoka kituoni hadi mwaloni ndani ya dumu, na hapo faneli yenye chujio la kuzuia maji na macho ya nahodha ndiyo mamlaka pekee iliyopo.

Serikali nayo ina sehemu yake. TASAC, Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, kwa upande wa bara na Mamlaka ya Usafiri Baharini Zanzibar ndizo zenye kazi ya kukagua vyombo. Ukaguzi unaofanywa gatini, injini ikinguruma bila mzigo, hauwezi kuonyesha ubovu nilioueleza, hata mkaguzi awe mwaminifu kiasi gani, kwa sababu ni siku ya shwari iliyotengenezwa. Ningependa kuona mambo matatu yakidaiwa pamoja na maboya na makoti ya kuokolea: daftari la saa za injini lenye sahihi za fundi, chupa ya mafuta iliyokingwa kutoka chini ya tangi mbele ya mkaguzi, na nusu saa ya kukimbia kwa nguvu zote huku joto likiandikwa kila dakika tano. Hakuna hata moja linalohitaji maabara. Na wewe uliyeko Kilema, unayefikiria kuweka akiba yako katika boti ya mtu fulani Tanga au Mwanza kwa sababu umeambiwa injini yake haijawahi kusumbua, omba kuletewa daftari hilo na chupa hiyo kabla ya kutoa shilingi. Kama daftari halipo, hujui unanunua nini, na anayekuuzia naye hajui.